Kupiga Picha Jiji la Pwani Usiku, Kila Siku kwa Mwaka Mzima: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni majibu kwa mtu aliyeamua, au anayekaribia kuamua, kupiga picha moja ya jiji lililo kando ya bahari kila usiku. Kazi hii nimeifanya kwa miaka kadhaa, na maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa tena na tena. Utaona majibu mengi yanaurudia mwezi. Mwezi ndio unaoamua mwanga utakaoukuta, maji yatakayokuwa mbele yako na saa ya kutoka nyumbani. Anayeufuata hahangaiki kujiuliza kila jioni leo apige nini.

Kwa nini usiku, na kwa nini pwani?

Mchana jiji lina chanzo kimoja cha mwanga. Usiku vyanzo ni mamia: taa za barabarani, madirisha, mabango, meli zilizotia nanga, gari lililopita kwa sekunde tatu. Tena jiji la pwani huishia kwenye maji, na maji hukurudishia kila taa mara ya pili, ikiwa imerefuka na inatikisika. Bahari ni nusu ya picha, na nusu hiyo haijawahi kuniletea usiku mbili zinazofanana.

Lazima niwe na kamera ya bei kubwa?

Hapana. Unachohitaji kwanza ni kitu cha kuishika kamera isitikisike. Kamera ya zamani iliyo juu ya stendi imara ya miguu mitatu itakupa picha safi kuliko kamera mpya iliyo mkononi mwa mtu anayetetemeka kwa upepo. Simu nazo zinafaa. Hali ya usiku ya simu hupiga picha nyingi fupifupi na kuziunganisha kuwa moja, kwa hiyo nayo hutoa matokeo bora zaidi ikiegemezwa ukutani au kwenye kishikizo. Kwa simu, gusa sehemu yenye taa kali kwenye kioo kisha ushushe mwangaza kwa kidole. Ukiiachia iamue yenyewe, mara nyingi itaung'arisha usiku mpaka ufanane na alasiri.

Kama kamera yako ina uwezo wa kuhifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, lihifadhi. Usiku tofauti kati ya taa na kivuli ni kubwa mno, na JPEG, lile faili la kawaida lililobanwa, hutupa sehemu kubwa ya kilichomo kwenye vivuli kabla hujakiona.

Nitoke saa ngapi?

Wengi hutoka wamechelewa. Picha nyingi tunazoziita za usiku, ambazo anga ina rangi ya buluu iliyokolea na majengo yamesimama wazi mbele yake, hupigwa giza likiwa halijaingia sawasawa. Jua likishazama, kuna muda ambao mwanga wa anga na mwanga wa taa hulingana. Kabla ya hapo taa zinaonekana kama zimefifia, na baada ya hapo anga inakuwa nyeusi tupu na paa za majengo zinapotea ndani yake. Muda huo huangukia pale jua linapokuwa takribani nyuzi 4 hadi 8 chini ya upeo wa macho.

Utadumu kiasi gani? Inategemea uko umbali gani kutoka ikweta. Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, na kushuka nyuzi 6 za kwanza huchukua kama dakika 21 hadi 24 tu. Kadiri unavyosogea kaskazini au kusini, ndivyo linavyoshuka kwa mshazari na muda unavyorefuka. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 katikati ya Juni, mwanga huo hudumu karibu usiku kucha. Kwa hiyo anayepiga karibu na ikweta afike mapema, asimamishe stendi, apange fremu, aweke fokasi (ukali wa picha) pale anapopataka, kisha asubiri. Mimi hupiga fremu moja kila baada ya dakika mbili tangu jua linapozama. Nikiziangalia nyumbani, kwa kawaida kuna mbili au tatu ambazo anga na taa vimekubaliana. Siwezi kuzikisia kwa macho nikiwa pale, kwa sababu macho huzoea giza bila kukuarifu.

Alfajiri ina muda kama huo kinyumenyume, na madirisha mengi yanakuwa yamezimwa. Jiji huonekana limelala kweli.

Maji kujaa na kupwa kunahusiana vipi na picha zangu?

Kunahusiana kuliko lenzi yako. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hili. Nilifika mahali palepale siku kumi mfululizo nikilalamika kwamba baadhi ya siku uakisi wa taa upo na nyingine haupo. Kumbe siku nyingine mbele yangu palikuwa na maji, na nyingine palikuwa na tope.

Katika pwani nyingi duniani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Hizo dakika 50 za ziada ndizo ufunguo: maji yaliyojaa leo wakati wa machweo, kesho yatajaa dakika 50 hivi baadaye, na baada ya wiki moja wakati uleule wa machweo utakuta yamekupwa. Mwezi nao huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika kama hizohizo kila siku, kwa kuwa ndio unaoyavuta maji. Zipo pwani ambazo maji hujaa mara moja tu kwa siku, na bahari kama Mediterania ambako tofauti ni ndogo sana katika sehemu nyingi. Tafuta jedwali la maji la mahali ulipo kabla hujapanga chochote.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye. Maji hujaa sana na kupwa sana. Yakijaa, hugusa ukuta wa bahari na taa za barabarani zinaakisiwa karibu kabisa na miguu yako. Yakipwa, huacha uwanda wa mchanga wenye unyevu na vidimbwi, na kila kidimbwi hubeba jengo lake. Maji mafu huja katika siku za nusu mwezi, na tofauti huwa ndogo. Kwa kazi ya mwaka mzima, hapo una mabadiliko ya mandhari yasiyokugharimu hata hatua moja.

Kitu kingine: uakisi huongezeka nguvu kamera inaposhuka. Maji unayoyatazama kutoka juu moja kwa moja huakisi karibu asilimia 2 tu ya mwanga, lakini unapoyatazama kwa pembe ya chini kabisa huakisi karibu wote. Fupisha miguu ya stendi, uchuchumae, uone.

Je, niende mahali papya kila usiku?

Hapa nina msimamo, nami nausema waziwazi: hapana. Chagua sehemu tano au sita na uzirudie. Anayekimbilia mahali papya kila usiku humaliza jiji kwa miezi miwili, kisha anakaa nyumbani akisema hakuna cha kupiga. Anayerudi palepale huanza kuona: mashua iliyohamishwa, jengo lililoongeza ghorofa, taa ya barabarani iliyoungua na kukaa wiki tatu bila kubadilishwa, mawimbi ya msimu wa upepo na yale ya msimu wa shwari. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Gati langu nimelipiga zaidi ya mara sitini, na picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga pale ni ya usiku wa hamsini na kitu, ukungu ulipoingia kutoka baharini na kuacha taa nne tu zinaonekana.

Sehemu hizo ziwe tofauti. Moja iwe na maji karibu, moja iwe juu (kilima, ghorofa, daraja), moja iwe mtaa mwembamba usioona bahari kabisa, moja iwe penye watu. Moja iwe karibu na nyumbani kiasi kwamba hata ukiwa mgonjwa unaweza kuifikia.

Nianze na mipangilio gani?

Kamera ikiwa juu ya stendi: ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 (namba ikikua, tundu huwa dogo zaidi), na shata, lile pazia linaloingiza mwanga, iwe wazi sekunde 4. Piga, tazama histogramu (mchoro unaoonyesha kiasi cha giza na mwanga kwenye picha), kisha urefushe au ufupishe muda wa shata. Tumia kipima muda cha sekunde 2 au rimoti ili kidole chako kisitikise kamera, na uzime kitulizi cha mtikisiko kama mtengenezaji wa kamera yako anashauri hivyo kwa kazi ya stendi.

Pale penye giza sana usipoteze dakika nne kwa kila jaribio. Jaribu kwa ISO 6400 na sekunde 4. Ikikubali, rudi ISO 100 na uzidishe muda kwa 64, yaani sekunde 256. Hesabu hiyo hufanya kazi kwa kamera za dijitali. Filamu ni jambo jingine: muda ukizidi sekunde moja hivi, filamu nyingi huanza kupoteza wepesi wa kupokea mwanga, na inakubidi uongeze muda kuliko hesabu inavyosema.

Usijaribu kuokoa kila taa. Kitovu cha taa kali kitakuwa cheupe tu, na jicho la mtazamaji linalikubali hilo. Linda maandishi ya mabango, ndani ya madirisha, na mwanga unaozunguka taa. Hayo yakiungua, picha hairudi.

Brassaï, aliyezaliwa mwaka 1899 na akawa mpiga picha mashuhuri wa usiku wa Paris, alipima muda wa kuacha lenzi wazi kwa sigara: aina moja kwa mwanga fulani, na nyingine palipokuwa na giza zaidi. Sikushauri sigara. Ninalotaka ulione ni kwamba alikuwa akikaa pale wakati wote picha inaingia, akitazama, bila kukimbilia kioo cha kamera. Sekunde thelathini za kusimama tu ukitazama unachokipiga zitakufundisha mengi.

Bahari ionekane vipi? Shata iwe wazi kwa muda gani?

Robo sekunde hadi sekunde moja huacha mawimbi yakiwa na umbo. Sekunde tano hadi kumi huyalainisha. Kuanzia nusu dakika maji huwa kama kioo chenye mvuke, na taa hugeuka nguzo ndefu zilizonyooka. Mtindo huu wa mwisho unapendwa sana, na kwa picha moja ni mzuri. Lakini kwa picha 365 utaifanya bahari ifanane kila siku, na hasara hiyo ni kubwa. Mimi hukaa kati ya sekunde 1 na 4 siku nyingi, ili usiku wa upepo uonekane ni usiku wa upepo.

Kamera haipati fokasi gizani. Nifanyeje?

Zima fokasi ya kujiendesha. Tafuta taa moja ya mbali, ikuze kwenye kioo cha kamera, zungusha lenzi taratibu mpaka taa iwe nukta ndogo kuliko zote, kisha bana duara la fokasi kwa kipande cha utepe. Usizungushe mpaka mwisho ukidhani ndiko kwenye umbali usio na kikomo, kwa kuwa lenzi nyingi hupita hapo.

Picha zangu zote zina rangi ya chungwa. Ni kosa?

Si kosa lako peke yako. Taa za sodiamu, ambazo zimeangaza barabara nyingi kwa miongo mingi, zina rangi hiyo. Zile za mgandamizo mdogo hutoa karibu rangi moja tu, mawimbi ya nanomita 589, na hakuna programu itakayorudisha rangi ambazo hazikuwepo. Ukizikuta, fikiria kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Zile za mgandamizo mkubwa, zenye joto la rangi karibu Kelvini 2,000 (namba ikiwa ndogo mwanga ni wa chungwa zaidi, ikiwa kubwa ni wa samawati zaidi), zinaweza kurekebishwa kiasi. Taa za LED zinazochukua nafasi yake ni nyeupe zaidi, nyingi zikiwa kati ya Kelvini 3,000 na 4,000, na baadhi huvuka 5,000. Matokeo yake, mtaa mmoja unaweza kuwa na nusu ya chungwa na nusu ya samawati.

Ushauri wangu kwa kazi ya kila siku ni kuchagua thamani moja ya mizani ya weupe, yaani mpangilio unaoiambia kamera mwanga upi iuhesabu kuwa mweupe, na kukaa nayo mwaka mzima. Mimi hutumia Kelvini 3,800. Namna hiyo, rangi ikibadilika kwenye picha, ujue aliyebadilika ni jiji na si kamera. Nina mtaa mmoja ambao picha zangu za Januari ni za chungwa na za Septemba ni nyeupe. Kati yake mafundi walibadilisha taa, nguzo moja baada ya nyingine, nami nina kila hatua.

Zile nyota kwenye taa zinatengenezwaje?

Kwa kubana tundu la lenzi, f/11 hadi f/16. Idadi ya miale hutokana na vipande vya chuma vinavyounda tundu. Vikiwa shufwa, miale ni idadi hiyohiyo, kwa hiyo vipande 8 hutoa miale 8. Vikiwa witiri, huzidishwa mara mbili, na vipande 9 hutoa 18. Ukipita f/16 picha nzima huanza kupoteza ukali.

Mwezi wangu unatoka kama doa jeupe. Kwa nini?

Kwa sababu uso wa mwezi unaangazwa na jua, kwa hiyo unahitaji mwanga wa kipimo cha mchana: ISO 100, f/11, na shata karibu 1/125 ya sekunde kwa mwezi mpevu ulio juu. Jiji kwa ISO na tundu hilohilo linataka sekunde kadhaa. Fremu moja haiwezi kubeba vyote viwili usiku wa manane.

Dawa ni kuchagua siku. Mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati jua linapozama. Siku iliyotangulia huchomoza mapema kidogo, anga ikiwa bado na mwanga. Hapo mwezi, anga na taa za jiji vinakaribiana, na fremu moja inatosha. Kwa hiyo siku yangu ya kupiga mwezi ni ile ya kabla ya mwezi mpevu, na kwa mwaka ninazipata kumi na mbili au kumi na tatu, nikitoa zile zenye mawingu. Siku hizo huwa nimeziandika kwenye kalenda tangu mwanzo wa mwaka.

Tumia lenzi ndefu. Mwezi una upana wa karibu nusu nyuzi tu, na kwa lenzi ya milimita 200 picha yake kwenye kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) haifiki milimita 2. Shata isizidi nusu sekunde kwa lenzi hiyo, maana mwezi husogea upana wake wote kwa takribani dakika mbili.

Ukitaka mbalamwezi iangaze ufuo badala ya kupiga mwezi wenyewe, usidhani nusu mwezi hutoa nusu ya mwanga. Hutoa karibu sehemu moja ya kumi ya mwezi mpevu.

Mashua zinatoka zikiwa na ukungu ingawa stendi haikutikisika.

Mashua ndizo zilizotikisika. Pandisha ISO na ufupishe shata hadi nusu sekunde au chini ya hapo. Au subiri ule muda maji yakishajaa na hayajaanza kurudi, ambapo mkondo husimama kwa kitambo. Au, na hii ndiyo ninayoipenda, nenda maji yakiwa yamekupwa na mashua zimelala ubavu juu ya mchanga. Zitatulia kwa dakika nzima kama utataka.

Usiweke stendi juu ya gati linaloelea ukitaka kupiga majengo ya nchi kavu. Hapo ni wewe unayeyumba.

Ile michirizi myekundu na ya kijani baharini ni nini?

Ni taa za vyombo. Kila chombo kinachotembea usiku hubeba taa nyekundu upande wake wa kushoto, ya kijani upande wa kulia, na nyeupe tezini. Ukiona nyekundu, ubavu wa kushoto umekuelekea, kwa hiyo chombo kinakwenda kushoto kwako. Ukiona kijani, kinakwenda kulia. Ukijua hili unaweza kuacha nafasi kwenye fremu upande ambao mchirizi utaelekea kabla haujafika.

Minara ya taa nayo ina mwendo wake. Kila mnara una mpangilio wa mwako unaoutofautisha na jirani zake ili mabaharia waujue. Hesabu sekunde kati ya mwako na mwako, kisha acha shata wazi kwa mzunguko mmoja kamili. Ukiacha mizunguko mingi, miali hujirundika na mnara hugeuka mpira wa mwanga.

Nitumie flashi?

Karibu kamwe. Flashi haifiki ng'ambo ya bandari. Inaangaza tu matone ya chumvi na vumbi lililo mbele ya lenzi. Na kwenye fukwe ambako kasa hutaga, ni madhara ya kweli. Watoto wa kasa wakitoka mchangani usiku huelekea upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari, na taa za binadamu huwapoteza kuelekea nchi kavu. Kama ufuo wako ni wa kasa, usipige flashi, usiwashe tochi nyeupe, na ukihitaji kuona tumia taa nyekundu hafifu.

Chumvi na unyevu vitaua kamera yangu?

Ukivipuuza, ndiyo. Povu la bahari huruka mbali kuliko unavyodhani, na likikauka huacha chembe za chumvi zinazokwaruza kioo na kula chuma. Kila unaporudi, futa mwili wa kamera kwa kitambaa laini kilicholowa maji baridi (yaani yasiyo na chumvi) kidogo na kukamuliwa, kisha kwa kikavu. Kioo cha mbele cha lenzi usikifute kikavu kikiwa na chumvi, kipulize kwanza. Miguu ya stendi ifungue yote, uisuuze kwa maji baridi na uiache ikauke ikiwa wazi. Stendi yangu ya kwanza ilikufa kwa kutu katika viungo baada ya miezi minane, na kosa lilikuwa langu kwa kuifunga ikiwa na mchanga.

Unyevu una hila nyingine. Ukitoka chumba kilichopozwa kwenda nje kwenye joto lenye unyevu, lenzi hushika ukungu papo hapo, na hasa dakika zile ishirini unazozihitaji. Iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa, uutoe nje nusu saa kabla, vioo vipate joto taratibu ndani ya mfuko.

Kioo cha kinga mbele ya lenzi kiondoe penye taa kali, kwa sababu huzaa vivuli vya taa vinavyoelea angani. Kirudishe povu likianza kuruka.

Usalama je?

Kwanza bahari. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza hupanda sehemu moja tu ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, kisha hupungua tena. Maana yake nusu ya maji yote huja katika saa mbili za katikati, wakati wewe umeshazoea kwamba mahali ulipo ni pakavu. Niliwahi kujikuta juu ya mwamba, nyuma yangu maji yamefika kiunoni, kwa kuwa saa ya kwanza ilinidanganya. Tangu siku hiyo siendi kwenye miamba bila kujua saa ya maji kupwa, na ninaondoka mara maji yanapogeuka.

Kabla ya kusogelea mawimbi, simama mbali dakika kumi uyatazame. Usiipe bahari mgongo. Mwani kwenye ngazi za gati huteleza hata ukionekana mkavu.

Kisha watu. Nenda na mwenzako sehemu zenye giza, mwambie mtu uko wapi, na begi lipitishe mguuni. Wasalimu walinzi, wavuvi na wauzaji wa mahali unaporudi mara kwa mara. Baada ya wiki mbili watakuwa wanakufahamu, na hakuna ulinzi unaozidi huo.

Nahitaji ruhusa?

Inategemea nchi. Bandari, vituo vya jeshi la majini na meli za kivita hukatazwa katika nchi nyingi, hata ukiwa umesimama barabara ya umma. Uliza kabla. Picha ya mtu anayetambulika, muombe. Na kuna mambo yasiyotarajiwa: mnara wa Eiffel wenyewe hauna tena haki miliki, kwani Gustave Eiffel alifariki mwaka 1923, lakini mapambo ya taa zake za usiku yanalindwa, na kuchapisha picha yake kibiashara kunahitaji idhini.

Mvua ikinyesha?

Toka. Funika kamera kwa mfuko wa plastiki, piga barabara. Lami iliyolowa ni bahari ya pili.

Nikikosa siku moja, mradi umekufa?

Haujafa. Iache siku hiyo ikiwa tupu, usiijaze kwa picha ya jana. Mpiga picha Mmarekani Jamie Livingston alipiga picha moja ya Polaroid (ile inayotoka kwenye kamera papo hapo) kila siku kuanzia tarehe 31 Machi 1979 hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki, ambayo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa ya 41. Nyingi ya picha hizo ni za vitu vya kawaida kabisa: meza, marafiki, dirisha. Zikiwa pamoja ni maisha ya mtu. Basi usiku uliochoka, piga taa ya ngazi za nyumba yako na ulale. Picha hiyo ina haki yake kwenye mfululizo.

Picha iliyopigwa baada ya saa sita usiku ni ya siku gani?

Amua mara moja na uandike kanuni yako. Kwangu, usiku mmoja huanza jua linapozama na kuisha linapochomoza, na hubeba tarehe ya jioni iliyouanza. Hakikisha tu saa ya kamera ni sahihi. Faili yape majina yanayoanza na mwaka, mwezi, kisha siku, yatajipanga yenyewe.

Nitahitaji nafasi kiasi gani ya kuhifadhi?

Ukibakiza fremu 20 kwa usiku, kila moja megabaiti 25, mwaka unakula gigabaiti 180 na ushee. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine.

Kati ya fremu ishirini za usiku, nichague ipi?

Sichagui usiku uleule. Nikitoka ufukweni bado nasikia upepo, na fremu iliyonitesa ndiyo ninayoiona bora. Nasubiri siku tatu, kisha naziweka zote kioo kizima, ndogondogo, na kujiuliza ni ipi isiyoweza kupigwa usiku mwingine wowote: ina maji ya urefu ule, mwezi ule, taa ile iliyokuwa imeungua. Hiyo ndiyo naipa tarehe. Mara nyingi si ile iliyonyooka kuliko zote. Fremu nyingine kumi na tisa nazihifadhi bila kuzigusa, kwa kuwa mwaka unaofuata, maji na mwezi vitakapokutana tena namna hiyo, nitataka kuona nilikuwa nimesimama wapi.